Ati Obama na Cheney ni Ndugu? Nilivyoifuatilia Hadi Mzizi

Dick Cheney alipofariki Novemba 2025, kundi letu la WhatsApp la ukoo liligeuka matanga ya Marekani. Ami yangu, ambaye simu yake haijawahi kupokea ujumbe asiusambaze, akatuletea mpya: huyo aliyekuwa makamu wa Bush na Barack Obama ni ndugu, wamekua pamoja, na ugomvi wao juu ya Iraq ulikuwa mchezo wa kuwahadaa watu. Chini yake picha ya wavulana wawili, mmoja mweusi mmoja mweupe, wamekaa kando ya ziwa na mishipi ya kuvulia.

Nikasema nitaithibitisha. Basi ushauri ukamiminika. Mmoja aliniambia nilinganishe masikio. Mwingine, muulize roboti wa kwenye simu. Nikamuuliza mara ya kwanza akasema ndiyo, mara ya pili siyo, na zote mbili kwa adabu ileile. Shangazi akaona nisijisumbue, kwa sababu watu waliopingana vile hawawezi kuwa na damu moja. Shangazi huyu amenuniana na dada yake kwa ajili ya kiwanja tangu mimi nasoma shule ya msingi.

Picha haikunichukua muda. Cheney alizaliwa Januari 1941, Lincoln, Nebraska. Obama, Agosti 1961, Honolulu. Siku Obama analia kilio cha kwanza, Cheney alikuwa na miaka 20. Wavulana wa kwenye picha walikuwa wa rika moja, labda miaka kumi kila mmoja, na yule mweupe mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole cha ziada kilichojificha nyuma ya mshipi, kosa la picha za kutengenezwa na kompyuta. Isitoshe, Cheney alikulia Nebraska na Wyoming, na utoto wa Obama uligawanyika kati ya Hawaii na Jakarta. Hilo ziwa lingekuwa wapi?

Undugu wenyewe ndio ulionikesha. Nilianzia kwenye tovuti za bure za nasaba, zile ambazo yeyote anaingia na kuongeza babu. Lo! Nikaanza kwa Obama, nikapanda kwa mama, kwa bibi, kwa mama wa bibi, najiona mwanahistoria kabisa. Kufika karne ya 18 nikakuta mwanamke aliyezaa akiwa na miaka sita. Nikajipa moyo, labda mtu kakosea tarakimu. Ngazi mbili juu nikakutana na bwana aliyepata mtoto miaka tisa baada ya kuzikwa, na chini yake watu kadhaa wamenakiliana kosa hilohilo bila hata mmoja kukuna kichwa. Nikaendelea kupanda kwa ukaidi tu, nikafika kwa wafalme wa Ulaya, na naamini bando lisingekata ningebisha hodi kwa Nabii Nuhu. Bando lenyewe lilikula mia mbili na ushei.

Kesho yake nikabadilisha mbinu, na hapa naomba nijisifu kidogo. Sisi Wakenya ukitaja Obama akili inakimbilia Kogelo, kijijini kwa baba yake. Lakini mzungu wa Nebraska hawezi kuungana naye kupitia kwa mzee Hussein Onyango, babu yake mzaa baba. Lazima apitie upande wa mama, Ann Dunham, aliyezaliwa Wichita, Kansas, 1942. Kwa hiyo kila ujumbe uliokuja na picha ya Kogelo niliufuta bila kuusoma, na robo tatu ya takataka ikaondoka.

Halafu nikajiuliza, nani alilitangaza hadi likavuma, na linamfaa nini? Jibu ni Lynne Cheney, mke wa Cheney mwenyewe, Oktoba 2007, Obama akiwa bado anatafuta tiketi ya urais ya chama cha Democratic. Alisema aligundua akitafiti kitabu chake kwamba mumewe na Obama ni mabinamu wa daraja la nane. Sawa, alikuwa na kitabu cha kuuza. Lakini mke wa Republican mkubwa kiasi kile kumtangaza mpinzani kuwa shemeji si jambo la kuzua hivihivi. Msemaji wa Obama naye hakukana. Alitania tu kwamba Cheney ndiye wa kuaibisha familia. Babu anayewaunganisha ni Mareen Duvall, Mprotestanti kutoka Ufaransa aliyehamia Maryland karne ya 17. Rais Truman naye ni wa uzao wake.

Kwa hiyo kweli. Nikamwandikia Ami, naye akashangilia: “Si nilikwambia!”

Hapo ndipo nilipochukua kalenda ya zamani nikaandika nyuma yake: wazazi 2, mababu na mabibi 4, juu yao 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Binamu wa daraja la nane mnakutana kwenye ngazi hiyo ya 512. Nikaipiga picha nikamtumia. “Ami, katika watu 512 wako wa ngazi hiyo unamjua nani?” Alikuwa anaandika, akaacha, akaandika tena. “Wawili,” akajibu, na mmoja nina hakika alimtunga palepale.

Hiyo ya kwamba waliigiza ugomvi ikajifia yenyewe. Obama aliipinga vita ya Iraq hadharani Chicago, tarehe 2 Oktoba 2002, miaka mitano kabla ya mtu kumwambia habari za Duvall. Kama mnataka ajabu ya kweli, Cheney huyohuyo mwaka 2024 alitangaza kumpigia kura Kamala Harris, na hapo nasaba sikuisikia ikitajwa.

Binamu yangu wa Kisumu akadakia, na Raila je? Huyo mpimeni kwa njia ileile. Januari 2008 Raila aliiambia BBC kwamba baba yake Obama ni mjomba wake. Jamaa wa Obama walipoulizwa wakasema ni watu wa eneo moja, si damu. Upande wa mama wa Raila ndio wa kuchimba, na kule hakuna haja ya tovuti, wazee wapo. Nimemwachia yeye, yuko karibu.

Juzi usiku Ami ameniletea nyingine: Obama na Brad Pitt. Hiyo nayo ni kweli, chama cha nasaba cha kule Boston kilishaitangaza 2008, mabinamu wa daraja la tisa. Sikumwambia. Nimemtumia kalenda nikamwambia aongeze mstari mmoja.