Sufu Sikioni

Sisi tunaofuma kwa sindano huijua sufu ikiwa imeshakuwa uzi. Imeoshwa, imetiwa rangi, imefungwa karatasi inayotaja namba ya sindano na namna ya kufua. Aliyeitoa hatumjui. Niliposikia kuna tamasha la sufu na mifugo nilimkokota rafiki yangu mmoja, mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya kufumia maishani mwake, nikamwambia tunakwenda kutazama kondoo. Ukweli ni kwamba nilihitaji mtu wa kubeba mizigo, na yeye alikwisha kulijua hilo kabla hatujafika getini.

Mimi nilitaka twende moja kwa moja kwenye vibanda vya nyuzi. Yeye alitaka wanyama. Akashinda, kwa sababu njia ilipita katikati ya mazizi, na ukishaona kondoo mwenye pembe nne huwezi kupita tu. Alikuwa wa aina iitwayo Jacob, wale wenye mabaka meusi na meupe, ambao dume na jike wote huota pembe mbili au nne, mara chache hata sita. Rafiki yangu akauliza kama pembe zote hizo hazimzuii kula. Mimi nikauliza kama manyoya meusi na meupe husokotwa pamoja. Mwenye kondoo akanijibu mimi kwanza: ukiyatenga unapata nyuzi mbili, ukiyachanganya unapata kijivu, na hujagusa ndoo ya rangi.

Alpaka, wanyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia, walitutazama kwa dharau kutoka juu ya shingo zao. Manyoya yao ni laini na yana joto, na hayana mafuta mazito kama ya kondoo, lakini pia hayana mnyumbuko wa sufu. Aliyewahi kufuma sweta kwa alpaka mtupu anajua ninachosema: asubuhi limekukaa sawasawa, jioni limefika magotini. Zizi lililofuata lilikuwa na mbuzi wa angora, wenye mawimbi yanayong'aa mpaka usoni, ambao hunyolewa mara mbili kwa mwaka na kutupatia moheri. Kisha tukamkuta mama mmoja amempakata sungura, gurudumu la kusokotea liko mbele yake, anasokota uzi moja kwa moja kutoka mgongoni mwa mnyama. Sungura amesinzia. Mama akatueleza kwamba msimu wa kupukutisha ukifika, nywele hulegea zenyewe na yeye huzichomoa tu. Rafiki yangu alisimama pale muda mrefu kuliko mimi.

Lakini kilichonikamata kilikuwa ukumbi wa kunyolea, na meza iliyokuwa nyuma yake.

Mnyoaji alivaa viatu laini visivyo na soli ngumu, ili miguu yake ihisi kila kondoo anapotaka kugeuka. Alimkalisha jike mmoja kitako, mgongo ukiegemea magoti yake, na yule mnyama aliyeingia akipiga mateke akatulia kama mteja wa kinyozi. Mashine ikaanzia tumboni. Manyoya ya tumbo, mafupi na machafu, yakatupwa kando. Kisha mguu, mkia, shingo, halafu yale mapigo marefu ya mgongoni yasiyokatizwa, mtindo ulioenezwa na ndugu wa familia ya Bowen wa New Zealand katikati ya karne ya 20. Dakika chache tu, na kondoo akaondoka mweupe na mwembamba, akiacha sakafuni vazi zima limeshikamana, upande wa ndani ukiwa safi na uking'aa mafuta.

Nilichojifunza pale hakikuwa kasi. Mnyoaji alikuwa akieleza huku anafanya kazi, akasema mkono ukirudi pale pale mara ya pili unakata vipande vifupi, na vipande hivyo vikiingia kwenye uzi haviondoki tena. Nikaitazama mikono ya sweta nililokuwa nimevaa, imejaa vitufe vidogo vya sufu kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini. Miaka yote nilidhani ni kosa la sabuni.

Nyuma ya ukumbi manyoya yalikuwa yanashindanishwa. Mwamuzi alikuwa bibi mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikunjua kila vazi la manyoya mezani, akachomoa shungi begani, jingine ubavuni, jingine pajani, akayapanga pamoja. Begani ndiko kwenye unywele mwembamba zaidi, pajani ndiko kwenye mnene, na kadiri tofauti ilivyo ndogo ndivyo kondoo anavyopata alama. Mpaka hapo nilimfuata. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alishika shungi jembamba kwa ncha zote mbili, akalipeleka sikioni, akalivuta kwa ghafla.

Aliniona nimekodoa macho. "Sogea, mwanangu," akasema, akavuta tena, safari hii sikioni kwangu. Sufu ililia, sauti fupi na safi. Akachukua shungi kutoka vazi jingine, jeupe zaidi, laini zaidi, lile ambalo mimi ningelipa ushindi bila kuulizwa. Akavuta. Likatoa mlio wa kuchanika, kisha likakatika katikati.

"Huyu aliugua," akasema. "Au alizaa kwa taabu, au malisho yalipungua. Akidhoofika, unywele unaoota siku hizo hutoka mwembamba." Akanionyesha shungi la tatu, akaliinua kwenye mwanga: mstari hafifu umelikata katika urefu ule ule, unywele baada ya unywele. Kondoo hunyolewa mara moja kwa mwaka mara nyingi, kwa hiyo urefu wa shungi ni mwaka mzima, na kwa kupima mstari ulipo unaweza kukisia ni msimu gani mnyama alitaabika. Nyuzi ngapi nimewahi kuzilaumu kwa kukatika mkononi!

Nikamuuliza kuhusu ulaini, maana kule vibandani kila mtu alikuwa akijisugua shingoni sufu ya merino, kondoo wanaosifiwa kwa ulaini. Unene wa unywele wa merino uko chini ya mikroni 24, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ukikaribia 30 ngozi ya wengi huanza kuwashwa. Wauzaji wametuzoesha kuuliza hilo tu. Bibi akacheka. "Laini ni ya shingoni. Kiwiko kinataka kingine."

Yale mashindano maarufu ya kunyoa kondoo na kumaliza shali kutoka mgongoni mwake hapo hapo tuliyatazama kidogo. Wasokotaji walikuwa hodari sana, lakini shali hutengenezwa kwenye kitanda cha mfumi, ule mtambo wa kufumia nguo, sindano hazimo, na mimi nina kinyongo changu.

Nilinunua vazi zima la kondoo wa Romney, aina iliyotokana na mabonde yenye maji ya Kent, Uingereza. Unywele wake una zaidi ya mikroni 30, mrefu, wenye kung'aa. Kabla ya kulipa nilichomoa shungi, nikavuta sikioni. Likalia. Rafiki yangu akaupakata mfuko, akauchungulia ndani, akauliza kwa nini nanunua manyoya yenye mavi wakati hatua chache kutoka pale kuna uzi uliokwisha oshwa. Sikumjibu vizuri, nadhani, kwa sababu aliuliza tena njiani, na harufu ya kondoo imetawala gari.

Kuosha kulichukua subira kuliko nguvu. Maji ya moto yenye sabuni, ili mafuta yayeyuke, na sufu inatumbukizwa bila kukorogwa, maana ukiikoroga magamba ya unywele hushikana na unabaki na kipande cha zulia. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi. Nilijifunza kusokota kwa pia ya mkono, kijiti kinachozungushwa ili kuupota uzi, uzi ukatoka mnene hapa, mwembamba pale, na nikafuma sweta la kijivu lenye kola ya juu.

Viwiko vyake mpaka sasa havina kitufe hata kimoja. Shingoni linawasha, ndiyo. Ndani yake navaa shati.