Tulivyoijaribu hazina ya tasnifu kabla ya kuizindua

Nafanya kazi katika maktaba ya chuo hapa Dodoma. Tulipokuwa tunajenga hazina ya kidijitali ya tasnifu kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na Hewlett-Packard, nilishikilia jambo moja: isizinduliwe kabla watu wachache hawajaitumia kwa shida zao wenyewe.

Wenzangu waliona wanafunzi wa uzamili wanatosha. Mimi nilimtaka pia mhadhiri, na zaidi bwana shamba wa wilaya ya Bahi, maana tasnifu nyingi zinahusu wakulima anaowahudumia. Hatukutoa semina. Kila mmoja alikuja na swali lake, nami nikakaa pembeni na daftari. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, na ni ngumu; unatamani kumwonyesha mtu pa kubofya, lakini ukishamwonyesha hutajua tena angekwama wapi.

Bwana shamba alitoa simu akaandika "Bahi". Hakikuja kitu.

"Dada, ina maana kwetu hakuna aliyewahi kuandika?"

Walioandika walikuwepo. Tasnifu za mpunga wa Bahi tunazo, ila vichwa vyake vinataja maeneo makame ya Tanzania ya kati, na kurasa za ndani zilikuwa picha za skana ambazo mashine haiwezi kuzisoma. Mkulima na afisa wake hawatafuti "maeneo makame". Wanatafuta kwao.

Dawa ilikuwa ndani ya Dublin Core, mfumo wa kuelezea nyaraka tuliokuwa tukiutumia. Una vipengele 15, kimojawapo cha mahali, na kila kimoja kinaruhusiwa kurudiwa. Tukaingiza wilaya na kata: Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Kondoa. Kwenye kipengele cha mada tukaongeza maneno ya Kiswahili kando ya yale ya Kiingereza. Kurasa za skana tukazipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi.

Mhadhiri alikuwa na hofu nyingine: makala ya mwanafunzi wake, iliyotokana na tasnifu, ilikuwa bado inasubiri jarida, naye hakutaka tasnifu isomwe na wote kabla ya hapo. Hilo lilikuwa jepesi, DSpace inaruhusu faili kufungwa hadi tarehe fulani huku ikisiri, yaani muhtasari wake, ikionekana.

Uzinduzi ulisogezwa mbele, na nilifurahi. Sasa anayewasilisha tasnifu hujaza wilaya na kata mwenyewe, na mkutubi haidhinishi mpaka nafasi hiyo ijazwe.