Kuandika wasifu wa baba jioni mbili kabla ya mazishi

Wasifu mwingi unaosomwa misibani unafanana na barua ya kuombea kazi. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akastaafu. Mke anapata sentensi moja, watoto wanasomwa kama mahudhurio ya darasani, kisha linakuja lile la "alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu". Badilisha jina tu, maneno hayo yanamtosha mzee wa nyumba ya tatu pia. Mume aliyemtunza mkewe na wanawe miaka arobaini anastahili zaidi ya hapo, na jioni mbili zinatosha kuifanya kazi hiyo.

Jioni ya kwanza ni ya tarehe. Mtu mmoja ashike daftari, asiwe mjane wala yule anayehangaika na jeneza na usafiri. Atoe vyeti vyote mezani: ubatizo, ndoa, shule, barua ya ajira, kitambulisho cha taifa. Kumbukumbu ya watu waliokesha wakilia haiaminiki. Vyeti vikigongana, fuateni kilichoandikwa karibu zaidi na tukio lenyewe. Na mkiona 1 Januari au 1 Julai kwa mzee aliyezaliwa kabla ya Uhuru, tilieni shaka: mara nyingi karani alijaza tu kwa kuwa hakuna aliyeijua siku. Hapo andikeni mwaka peke yake.

Mwaka nao ukikosekana, usimuulize baba mkubwa "alizaliwa lini?" Muulize kwa matukio. "Shikamoo baba mkubwa. Uhuru unaingia mwaka 1961, baba alikuwa ameshaanza shule?" "Tulipohamishwa kwenye Operesheni Vijiji, alikuwa ameoa?" "Vita vya Kagera mtoto gani alikuwa mgongoni?" Majibu matatu ya namna hiyo yanaubana mwaka vizuri kuliko kubahatisha. Mahali pia pana mtego. Mzee hakuzaliwa "mkoa wa Songwe" mwaka 1950, kwa sababu mkoa huo ulianzishwa 2016. Andikeni "Mbozi, ambayo sasa ipo mkoa wa Songwe". Hivyo hivyo kwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mikoa ya mwaka 2012.

Sehemu inayovunja watu ni orodha ya watoto. Watajeni kwa mfuatano wa kuzaliwa, waliotangulia mbele za haki wakiwamo, na waliozaliwa nje ya ndoa wakiwamo, maana mtoto aliyeachwa kwenye wasifu husikia mbele ya kaburi kwamba hana baba. Suala hilo lizungumzwe na mjane na wazee wa ukoo usiku, ndani, kabla karatasi haijachapwa. Likiachwa hadi asubuhi, litazungumzwa uani mbele ya waombolezaji. Idadi ya wajukuu ihesabiwe kwa majina, kila mzazi akitaja wake, kwa kuwa ndiyo namba inayokosewa kuliko zote. Mali msiiguse kabisa: nyumba, shamba na akiba vina kikao chake cha ukoo na mahakama yake ya mirathi. Ugonjwa nao utajwe kwa jina iwapo mjane amekubali, la sivyo "aliugua kwa muda" inatosha.

Jioni ya pili ni ya mjane, na hii ndiyo inayoamua kama wasifu utakuwa na mtu ndani yake. Nendeni chumbani alipo, wawili tu, mmoja akiwa binti au wifi anayemzoea. Msimwambie "Mama, tuelezee maisha ya baba", hilo litamliza na halitampa pa kuanzia. Ulizeni vitu vidogo. Akiamka alianza na nini? Ulipojifungua nani alipika uji? Mkikosana nani alianza kuongea? Mtoto akiugua usiku, nani alimbeba? Kitu gani chakavu alikataa kisitupwe?

Majibu ndiyo sentensi zenyewe, yaandikeni jinsi yalivyotoka. "Aliwapenda sana watoto" haimwonyeshi mtu. Linganisheni na hii: "Kila Jumapili jioni alikaa kizingitini na wembe, akachonga penseli za wiki nzima, moja moja, akazipanga kwenye kopo la maziwa ya unga, zile fupi akizibakiza upande wake." Msikilizaji anaona wembe, anaona kopo, anajua baba huyo alikuwa nani bila kuambiwa. Sentensi tatu za aina hii zinatosha, moja kama mume, moja kama baba, moja kama jirani au mfanyakazi mwenza. Zikizidi tano, zinaanza kufunikana.

Urefu uwe maneno 600 hadi 700, yaani kama dakika saba kwa kusoma taratibu. Pimeni kwa saa ya simu, kwa sauti, watu watatu wakisikiliza: mjane, mtoto mkubwa na mmoja wa upande wa marehemu. Chapisheni kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba, ndani ya faili gumu, kwa sababu upepo wa uwanjani hauna huruma. Nakala tatu: msomaji, mshereheshaji na ya akiba. Picha ya kijitabu msiipokee kama picha ya kawaida ya WhatsApp maana hupunguzwa ubora. Itumwe kama faili. Ya zamani ipigwe ikiwa imelala karibu na dirisha, bila mwanga wa simu.

Msomaji awe mpwa au rafiki wa familia mwenye sauti iliyotulia, na mwingine asimame ubavuni mwake na nakala, tayari kupokea koo likikaba. Wasifu usomwe nyumbani au kanisani watu wakiwa wamekaa. Makaburini watu wamesimama juani na macho yako kwenye jeneza. Kwa Waislamu maziko hayangoji jioni mbili, hivyo kazi hii hufanywa polepole kwa ajili ya hitma, mjane akiwa edani, miezi minne na siku kumi.

Wekeni karatasi mbili tupu karibu na kitabu cha rambirambi. Atatokea mzee aliyefanya kazi naye mwaka 1982 na kusema kituo kile kilikuwa Itigi, si Manyoni. Yaandikeni hayo, yarekebisheni kabla ya arobaini, kisha nakala iliyosahihishwa apewe mama, pamoja na daftari.