Mama na minara ya San Gimignano

Mwaka ule mama alikuja Italia kutusalimia, dada alikuwa anasoma Florence, basi Jumamosi moja tukasema leo tumpeleke San Gimignano, mji mdogo wa zamani. Treni haifiki kule juu, tukapanda basi mpaka Poggibonsi tukabadilisha, alafu hilo la pili likaanza kukata kona kwenye mashamba ya zabibu na mizeituni, mara minara hiyo, imechomoza juu ya kilima. Mama akauliza kwa sauti, "Mbona misikiti mingi hivyo?"

Tulicheka mpaka dereva akatuangalia kwenye kioo. Dada akamwambia ile ni minara ya koo za matajiri wa zamani, ilikuwa 72 saivi imebaki 14, ukiujenga wako jirani nae anapandisha wake, mpaka mwaka 1255 mji ukapiga marufuku mtu binafsi kuzidi mnara wa serikali, na ukoo wa Salvucci inasemekana wakajibu kwa kujenga miwili pacha. Mama akaguna. "Hata kwetu wapo, mwenzie akipandisha ghorofa yeye halali."

Mimi nilichoka niliposikia kwamba pamebaki pazuri vile kwa sababu palifulia. Tauni ya 1348 ilifagia watu, 1353 mji ukawa chini ya Florence, wasafiri wa kwenda Roma waliokuwa wanapita hapo wakahamia njia ya bondeni, hela ya kubomoa na kujenga upya itoke wapi? UNESCO wameingiza mji kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 1990.

Mnara wa Torre Grossa, mita 54, tulipanda mimi na dada tu, kwenye ngazi za mwisho magoti yalinicheza. Mama aligoma, akakaa pale kwenye kisima cha uwanja wa Piazza della Cisterna, tuliposhuka tukamkuta anapitisha kidole kwenye jiwe la ukingoni palipoliwa na kamba mpaka pakawa na mifereji. "Watu wamechota maji hapa jamani."

Alafu duka la zafarani, maana zamani hao walitajirika kwa zafarani. Vichupa vidogo, bei ya kutisha. Mama akanusa, akasema hii ndo yenyewe, akaanza kupatana kwa Kiswahili huku muuzaji anamjibu Kiitaliano, na wallahi bei ikashuka! Akakifunga kichupa kwenye pindo la khanga. Biriani yake hatujaila mpaka leo, ukimuuliza anasema anaiweka ya harusi. Harusi ya nani, hasemi, ila anakuwa ananiangalia mimi.