Usiku wa Kungoja Asubuhi

Ujumbe wa mkuu wangu wa kazi uliingia jioni, nikiwa nakunja nguo: "Kesho asubuhi pitia ofisini kwangu tuongee." Basi. Hakusema tuongee nini. Ni mtu wa maneno machache, nalijua hilo kwa miaka, lakini mwili haukungoja nikumbuke. Moyo ulienda mbio, viganja vikalowa, tumbo likasokota. Kabla sijaketi nilikuwa nimeshajihukumu: ripoti niliyowasilisha ni mbovu, wenzangu wameliona hilo siku nyingi, wananistahi tu.

Wanaotuambia "acha kuwaza" nadhani hawajawahi kulala na wasiwasi wa namna hii. Wazo halibishi hodi. Linaingia kama habari iliyokwisha kuthibitishwa, tena kwa ukali ambao nisingethubutu kumtolea mtu mwingine yeyote.

Wakati huo nilikuwa nikienda kwa mshauri nasaha, mama mtu mzima mwenye subira nyingi, naye alikuwa amenifundisha zoezi lenye asili katika kazi ya Aaron Beck. Huyu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili huko Marekani, na katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walipitiwa na mawazo ya haraka ya kujishusha, wakayaamini bila kuyahoji. Unaliandika wazo kwa maneno yake yaleyale, kisha ushahidi unaoliunga mkono, kisha unaolipinga. "Mwanangu," aliniambia mama, "usibishane nalo kichwani, humo litakushinda. Litoe nje."

Nilianza na pumzi, maana mkono ulitetemeka. Kuvuta taratibu, kutoa kwa muda mrefu zaidi. Mtu anapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo. Ni kazi ya mwili, haihitaji uiamini. Hofu haikuondoka. Nilipata tu mkono wa kushika kalamu.

Nikaandika: "Mimi si mtu wa kazi hii." Kwenye ushahidi wa kuunga mkono nilikaa muda mrefu nikitazama karatasi. Nilichokuwa nacho ni ujumbe usio na salamu. Upande wa pili ukajaa polepole: ripoti ile alinikabidhi mkuu mwenyewe, na iliyotangulia pia, mwenzangu mmoja huniomba nimpitie kazi zake kabla hajaziwasilisha. Si mambo makubwa. Lakini ni ya kweli, na usiku ule ukweli mdogo ulinifaa kuliko sifa ambazo nisingeziamini.

Kisha nikafanya jambo ambalo bado nalionea haya kidogo: nikajisemesha kwa sauti, kwa jina langu. Yule mama mshauri alikuwa ameniambia nijisemeshe kama ningemsemesha mdogo wangu. Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2014 kuhusu jambo hilohilo: wanaojisemesha kwa jina au kwa "wewe" mbele ya jambo la kutisha hupata fadhaa kidogo kuliko wanaotumia "mimi". "Umechoka," nilijiambia. "Hujui anataka nini. Kesho utajua." Usingizi ulikuja kwa vipande.

Asubuhi mkuu alikuwa na dosari za kunionyesha, tena dosari za kweli. Sura ya pili ilijaa tarakimu mno, alitaka zihamie kwenye jedwali. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na chembe ya msingi, na naona hapo ndipo kazi ya usiku iliponifaa zaidi: maneno kuhusu sura ya pili yalibaki kuhusu sura ya pili. Hayakugeuka kuwa maneno kuhusu mimi. Niliuliza maswali, nikaandika majibu yake. Nilipokuwa nikiinuka akataka kujua kama nitamaliza kufikia Ijumaa. Nikamwomba anipe hadi Jumatatu, ombi ambalo zamani ningelimeza na kukesha. Akakubali.