Nilivyopanda Taratibu hadi Potosí na Uyuni

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la safari ya Bolivia hauna jina la kivutio chochote. Una safu mbili: upande mmoja mahali nitakapolala, upande wa pili mwinuko wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Sucre, mita 2,800, siku nne. Potosí, zaidi ya mita 4,000, siku tatu. Uyuni, mita 3,650, siku mbili kabla ya kuingia kwenye uwanda wa chumvi. Niliziandika safu hizo nikiwa Bagamoyo, nyumbani kwa mama, miezi mitano kabla ya kupanda ndege, na zilinifikisha nilikotaka nikiwa na umri wa miaka 53 na mapafu yaliyolelewa na upepo wa bahari.

Sababu ya kuanza na hesabu hiyo ni Kilimanjaro. Mwaka 2014 nilipanda kwa njia ya Marangu kwa ratiba ya siku tano, kwa kuwa likizo yangu ilikuwa fupi, na nilipofika Kibo, mita 4,720, nilikuwa natapika na kichwa kinauma kiasi cha kutoweza kufungua macho. Kiongozi wetu hakubishana nami. Aliniteremsha usiku uleule hadi Horombo, mita 3,720, na asubuhi nikanywa uji kama mtu mzima wa afya. Tangu siku hiyo nilitaka kuelewa kilichonipata. Hewa ya juu ina oksijeni kwa asilimia 21 ileile ya pwani, lakini mgandamizo wake umepungua, hivyo katika mita 4,000 kila pumzi huleta kama asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ingeletwa na pumzi hiyohiyo ufukweni. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi, figo nazo hurekebisha kemia ya damu ili kupumua huko kuwezekane hata usingizini, na kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana watabibu wa milima hushauri kwamba juu ya mita 3,000 kimo cha mahali pa kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne msafiri apumzike palepale alipo.

Kwa sababu hiyo sikukubali kuanzia La Paz, ingawa tiketi yake ilikuwa rahisi zaidi. Uwanja wa ndege wa mji huo uko El Alto, juu ya mita 4,000, na mtu aliyetoka pwani hushuka kwenye ngazi za ndege akiwa juu kuliko Horombo bila kupiga hatua hata moja. Nilitua Santa Cruz, ambako ni chini na kuna joto kama letu, kisha nikaenda Sucre. Daktari wangu alikuwa ameniandikia asetazolamaidi, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda kutoka Sucre, baada ya kuniuliza kwa makini kama nina mzio wa dawa za salfa. Dawa hiyo ilinichomachoma ncha za vidole na kunipeleka chooni mara kwa mara, lakini nililala vizuri. Sucre ni mji mweupe mtulivu, na uhuru wa Bolivia ulitangazwa hapo tarehe 6 Agosti 1825. Nilikuwa nikitembea asubuhi, kupumzika mchana, na kila jioni kupima oksijeni ya damu kwa kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni.

Kutoka Sucre hadi Potosí ni mwendo wa basi wa saa kama tatu, na katika saa hizo unapanda zaidi ya mita 1,200. Huo ndio mruko pekee katika safari yangu uliovunja kanuni ya mita 500, kwa kuwa njiani sikuwa na mahali pazuri pa kulala. Niliulipia kwa kukaa kitandani siku nzima ya kwanza, nikinywa maji na chai ya majani ya koka, ambayo ni kinywaji halali na cha kawaida kabisa nchini humo. Kifaa kilisoma asilimia 84, kesho yake 87. Kupanda ghorofa moja ya nyumba ya wageni kulinihitaji nisimame katikati ya ngazi, nami nilisimama.

Siku ya pili niliuona mlima. Cerro Rico, yaani mlima tajiri, unafikia karibu mita 4,800, rangi yake kama kutu, umesimama juu ya mji kama mtu anayechungulia uani. Fedha yake ilianza kuchimbwa na Wahispania mwaka 1545, na mwanzoni mwa karne ya 17 mji huu wa baridi usioota mahindi ulikuwa na watu wapatao 160,000. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno moja kwa madini na kwa pesa, fedha, na nilipomsikia mwongozaji wa Casa de la Moneda, nyumba ya kutengenezea sarafu, akisema kuwa plata kwa Kihispania nalo hubeba maana zote mbili, sikuhitaji tafsiri. Zaidi ya hapo, sarafu zilizogongwa humo ziliitwa real. Waarabu walilichukua jina hilo wakalifanya riyal, na wazee wetu wa pwani wakapokea riale. Bibi yangu alikuwa akitaja riale katika hadithi zake za mahari. Nilisimama mbele ya kabati la kioo lenye sarafu hizo nikalitamka neno hilo kwa sauti, peke yangu.

Jengo linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1759 na 1773. Ghorofani kuna mitambo mikubwa ya mbao ya kubapa vipande vya fedha, na chini yake ndiko nyumbu walikokuwa wakizungushwa kuiendesha. Waafrika waliofanywa watumwa walifanya kazi katika utengenezaji wa sarafu mjini hapa, na wazao wa Waafrika wa Bolivia wanaishi hadi leo, hasa katika mabonde ya Yungas. Nao wenyeji wa asili wa nyanda za juu walikamatwa na mfumo wa kazi ya lazima ulioitwa mita, uliopangwa na gavana mkuu Francisco de Toledo katika miaka ya 1570, uliolazimisha sehemu moja ya saba ya wanaume wa vijiji kwenda kuchimba kwa zamu. Fedha ilikamuliwa kutoka kwenye mawe kwa zebaki iliyoletwa kutoka Huancavelica, Peru. Zebaki hiyohiyo nimewahi kuiona Geita mikononi mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiikanda bila glovu, na nilitoka mle ndani nikiwa nimenyamaza kwa muda mrefu.

Wageni wengi huingia machimboni, ambako wanaume wa vyama vya ushirika bado wanachimba. Mimi sikuingia. Vumbi la mawe huwapa wachimbaji silikosisi, ugonjwa unaotia mapafu makovu, na mtu ambaye oksijeni yake inasoma 87 hana sababu ya kulivuta kwa ajili ya picha. Tena sikuona vizuri kupita na taa kichwani nikimtazama mtu akiwa katika kazi inayomuua. Nilikwenda soko la wachimbaji, ambako baruti huuzwa waziwazi kando ya majani ya koka, nikanunua mkate kwa mama mmoja, nikarudi.

Kushuka hadi Uyuni kulikuwa kama kurudishiwa kifua changu. Mji huu ulizaliwa na reli mwaka 1889, reli iliyounganisha migodi ya Bolivia na bandari ya Antofagasta, ambayo Bolivia ilikuwa imeshaipoteza kwa Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879. Nje kidogo ya mji kuna vichwa vya treni vya mvuke vilivyoachwa kwenye mchanga, vimeliwa na upepo wa chumvi. Nilitumia siku nzima Pulacayo, kijiji cha mgodi kilichoko juu kidogo, karibu mita 4,100, nikarudi kulala Uyuni. Kupanda mchana na kulala chini husaidia sana. Pulacayo ulikuwa mgodi wa fedha wa kampuni ya Huanchaca, na hapo ndipo mwaka 1946 wachimbaji walipopitisha azimio lao maarufu la kudai haki za wafanyakazi. Mgodi ulifungwa mwaka 1959. Sasa kuna nyumba nyingi kuliko watu, na milango mingi imefungwa kwa waya.

Binti wa kaka yangu, anayefanya kazi Hispania, alinikuta Uyuni. Yeye alikuwa amekuja kwa ndege kupitia La Paz, kwa kuwa ruhusa yake ilikuwa ya siku saba tu. Tulitafuta gari pamoja. Kampuni ya kwanza ilitupokea malipo ya awali, kisha tukaonyeshwa gari lenye tairi la spea lililokwisha kabisa na lisilo na mtungi wa oksijeni. Tulikataa, na fedha yetu hatukurudishiwa. Sijutii. Kampuni ya pili ilikuwa na spea mbili, mtungi uliojaa, na dereva mtu mzima ambaye kila tulipomuuliza jambo alifikiri kwanza.

Ulikuwa mwezi wa Julai, majira yao ya baridi na ukavu. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Machi, maji hugeuza uwanda kuwa kioo, lakini mimi nilitaka kuikanyaga chumvi kavu. Uwanda wa Uyuni una zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Unguja ingeingia humo zaidi ya mara sita. Ni sakafu ya maziwa ya kale yasiyokuwa na mto wa kuyatoa maji yake, yaliyokauka na kuacha chumvi. Huko Colchani, kwenye ukingo, wafanyakazi hukwangua chumvi na kuirundika katika vichuguu vidogo ili maji yajichuje, kisha huipakia kwenye lori, huikausha kwa moto, huitia madini joto na kuifunga kwenye mifuko ya plastiki kwa ndimi za moto. Baba yangu alifanya kazi hiyo miaka 30 katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Yeye aliyaingiza maji ya bamvua kwenye majaruba, akasubiri jua, akakwangua, akarundika vichuguu vilevile, vya ukubwa uleule, kana kwamba mkono mmoja ulivipima. Nilichutama nikashika chumvi. Binti alinishika bega. “Shangazi, kaa chini kwanza, usilie ukiwa umesimama, pumzi itakwisha.” Nilikaa.

Mwanga wa uwanda huo hutoka juu na chini kwa pamoja. Niliungua chini ya kidevu na ndani ya pua, kwa hiyo ninasisitiza kwamba ngozi nyeusi nayo huhitaji krimu ya kuzuia jua, na miwani iwe ya giza kweli. Mafuta ya nazi niliyotoka nayo nyumbani yaliganda kwenye chupa kama mshumaa. Kisiwani Incahuasi, kilima cha mawe katikati ya chumvi, tulitembea kati ya midungusi kakati mirefu kuliko nyumba, inayokua takriban sentimita moja kwa mwaka, juu ya mawe yenye umbo la matumbawe. Jioni baridi ilishuka chini ya sifuri na binti akaanza kulalamika kichwa.

Kesho yake tulielekea kusini, kwenye Laguna Colorada, ziwa jekundu lenye heroe, karibu mita 4,300. Tulipofika hakushuka garini. “Mimi sijambo, shangazi, ni uchovu tu,” alisema, kisha akatapika. Nilimwambia atembee kwenye mstari, kisigino kwa kidole, kama nilivyofanyishwa Kibo. Alitembea bila kuyumba, nikamshukuru Mungu, maana kuyumba kungekuwa dalili ya ubongo kuvimba. Lakini oksijeni yake ilisoma 76. Ratiba ilitaka tulale hapo, na alfajiri tupande kwenye chemchemi za mvuke za Sol de Mañana, zaidi ya mita 4,800. Nilimwomba dereva ageuze gari wakati jua lingali juu, tukampa binti oksijeni ya mtungi njiani. “Mwanangu,” nilimwambia alipoanza kuniomba radhi, “mimi niliteremshwa usiku, wewe unateremka mchana.”

Tulilala San Cristóbal, karibu mita 3,800. Nao ni mji wa madini: mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazi walihamishwa ili kupisha mgodi wa wazi wa zinki, risasi na fedha, na kanisa lao la zamani lilibomolewa na kujengwa upya jiwe kwa jiwe mahali pengine. Usiku niliamka mara tatu kumpima. Saa nane ilisoma 80, saa kumi na moja 83. Kulipokucha alikaa kitandani akaomba supu ya kinoa na mkate, akala vyote, akaniuliza kama kanisa liko mbali. Halikuwa mbali. Tulikwenda kwa miguu, tukisimama kila baada ya nyumba mbili.