Kiingereza rasmi Marekani, na cheti chako cha ndoa

Amri ya Rais namba 14224 ya Machi 1, 2025 imekifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyotaka idara ziwahudumie wasiokijua vizuri. Haikupiga marufuku tafsiri. Kila mkuu wa idara anajiamulia.

Kwa anayeomba uhamiaji kutoka Unguja au Pemba, sharti ni lile lile la zamani: cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kiende na tafsiri kamili ya Kiingereza. Kamili ni pamoja na mhuri wa Kadhi na maandishi ya pembeni, ambayo wengi huyaruka. Mfasiri athibitishe kwa maandishi kuwa tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anaimudu kazi hiyo. Mhuri wa wakili? Sharti hilo haliudai, usilipie bure.